Jumapili ya Mvua ya Mawe

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ukiacha goti la Mama, ambalo baridi ikianza hujifanyia linavyotaka. Anakusalimu sana, na anauliza kama bado unavaa lile sweta la kijivu au umeshalionea huruma. Binti yangu ameingia kidato cha pili. Amerefuka hadi tukisimama jikoni mimi ndiye ninayeonekana mdogo wake. Kazini ni yale yale. Hospitali wameongeza wodi mbili bila kuongeza mashine, kwa hiyo sisi watano wa chumba cha kufulia tunatoka jioni vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Nimejiandikisha mbio ndefu, zile za kilomita arobaini na mbili, Jumapili tarehe 14 Aprili. Usicheke kwanza. Unajua chumba chetu kiko chini ya ardhi, hakina dirisha hata la kupitisha mkono. Miaka mitatu iliyopita nilitoka zamu nikakuta jua bado lipo, nikaanza kutembea haraka kwenda nyumbani, halafu miguu ikaamua yenyewe. Nina miaka arobaini na moja, na sikuwa nimekimbia tangu shule ya msingi. Tangu siku hiyo sijaacha. Nikifika kilomita ya kumi, Mjomba, kifuani panafunguka mahali ambapo sikujua ninapo. Zaidi ya hapo siwezi kukueleza.

Mama amewaambia majirani kwamba mwanawe sasa ni mkimbizi. Nimemrekebisha mara tatu, "Mkimbiaji, Mama, mkimbiaji," lakini jirani mmoja alishaniletea blanketi.

Nafanya mazoezi na msusi wa saluni ya hapo kona. Nimemzidi miaka kumi, yeye amenizidi kasi, na hachoki kunisubiri. Ombi langu ni moja: ushuke. Ni miaka minne hujatoka huko mlimani, kwenye kituo chako cha hali ya hewa. Nataka nikimaliza nikuone umesimama na Mama. Barua naipeleka leo kwa dereva wa gari lenu la vifaa, maana simu huko kwako najua haishiki.

Ni mimi, mpwa wako.

1 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imekaa bondeni wiki tatu kwa sababu daraja lilivunjika na gari likashindwa kupanda. Nimeisoma mara mbili nimesimama na mara moja nimekaa. Mwambie dada yangu sweta bado liko kazini, ila viwiko vimestaafu. Na wewe hongera. Sikucheka, isipokuwa pale penye blanketi.

Huku juu hatujambo, mimi na upepo. Wameweka mashine mpya nje, mlingoti wa chuma wenye visanduku. Inasoma joto, mvua na upepo yenyewe, na kutuma yenyewe. Mimi bado naamka saa kumi na mbili kusoma vipimo vyangu vya zamani na kuandika daftarini. Baada ya miaka ishirini na sita, mkono haujui kufanya kitu kingine saa hiyo.

Kushuka sitaweza. Ni mambo ya ofisi, naomba tuyaache hapo.

Ila nimeambiwa njia ya mbio hizo hupita juu ya ule mgongo wa kilima ulio mashariki ya mji wenu. Niliwahi kuupita kwa miguu. Kilomita tisa hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna hata ukuta wa kuegemea. Na mwezi wa nne mawingu huanza kujengeka mapema. Sikwambii usikimbie. Nakwambia utazame juu. Ukiona wingu limepanda kama mnara, halafu kichwa chake kimetandaa bapa kama fuawe, kile chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake, usibishane nalo.

Kula vizuri. Lala mapema. Nisalimie yule mrefu.

Mjomba wako.

15 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu kwako, kwa dada, na kwa mwanao. Naandika bila kujua barua hii itafunguliwa na nani. Gari halipandi hadi mwisho wa mwezi, na hadi wakati huo hakuna wa kuniambia.

Jana saa moja asubuhi nilitoka nje tena na daftari. Chini yangu mawingu yalikuwa yamelala bondeni, jambo la kila siku. Upande wenu, mbali, nyuma ya kilima, moja lilikuwa limesimama. Nikasoma kipimajoto, nikaandika, nikageuka, nikakuta limerefuka maradufu. Mpwa wangu, mimi naishi juu kuliko wanakoruka ndege wengi, lakini nililazimika kuinua shingo. Lilikuwa likipanda huku linachemka, linajikunja na kujikunjua, na sauti hakuna. Upande uliopigwa na jua ulikuwa mweupe hadi macho yanauma. Upande wa pili ulikuwa na rangi ya jeraha la siku tatu. Kisha kichwa chake kikafika mahali kikazuiwa, kikaanza kutandaa. Ndani yake umeme ukaanza kuwaka, huku, kisha kule, kisha ndani zaidi, mithili ya mtu anayetembea na taa katika jumba kubwa akitafuta kitu alichopoteza.

Nilipokuja kujitambua, kofia ilikuwa mkononi. Sikumbuki kuivua.

Mbio zenu zilikuwa zianze saa mbili. Saa moja na dakika arobaini nikaingia ndani, nikawasha redio ya upepo, nikaita ofisi kuu. Nikasema ninachokiona na linaelekea wapi. Aliyepokea akaniuliza mara mbili natoka kituo gani. Halafu akasema, "Tumepokea." Sikusikia neno jingine.

Nikarudi nje, nikasimama nikilitazama linasogea hadi likakaa juu ya ule mgongo. Lilikaa saa nzima na zaidi. Nikwambie jambo ambalo linanitia aibu: lilikuwa zuri. Nilijua uko chini yake, na bado sikuweza kuondoa macho. Nilijiona mdogo hadi hofu yangu yenyewe ikawa ndogo.

Kama unasoma haya, niandikie neno moja.

Mjomba.

17 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Goti la Mama limepata nafuu kidogo baada ya kupakwa dawa mpya ya mafuta, ingawa analalamika kwamba inanuka na imeharibu shuka mbili, na mimi ndiye mfuaji. Daktari amemwambia atembee kila siku hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Anafika nusu, anakutana na mwenzake, wanakaa. Akirudi anadai amefika mwisho. Binti yangu amefanya mtihani wa hesabu na amefaulu. Amepewa kazi ya kusimamia maktaba ya darasa, na sasa tukimwuliza chumvi iko wapi anatujibu kwa sauti ya ofisini.

Mbio zimepita. Kulikuwa na mvua. Sote tu wazima.

Mpwa wako.

12 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ililetwa na gari la mwisho wa mwezi, na dereva akaondoka na ile yangu ya Aprili. Nilipouona mwandiko wako kwenye bahasha niliketi juu ya ngazi pale pale, nikaifungua.

Nimeshukuru. Kisha nikahesabu. Umeandika mistari kumi juu ya goti na mtihani, na juu ya mbio mmoja. Mimi ni mtu wa vipimo. Sikulazimishi. Ukiwa tayari, mimi nipo.

Mjomba wako.

2 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua zako zimenifikia zote mbili siku moja, ya Aprili na ya Mei; ile ya kwanza dereva aliisahau garini mwezi mzima. Ile ya Aprili nimeisomea chini kazini, nimekaa juu ya furushi la mashuka, na wenzangu wakazima mashine wakidhani nimepata msiba. Mama anasema goti halijambo, na ukiendelea kulihesabia mistari atapanda huko akuoneshe.

Sikukimbia. Haya, nimeandika.

Tulikuwa karibu mia tatu pale uwanjani. Juu yetu palikuwa peupe, tena joto. Nyuma ya kilima kulionekana ukingo mweusi tu, mwembamba, mtu angeweza kuufunika kwa kidole. Mshereheshaji alikuwa akitania watu kwenye kipaza sauti. Akaletewa karatasi. Akaisoma kimya kwanza, kisha kwa sauti: "Kuna taarifa hapa. Wingu kubwa la radi linaelekea upande wa kilima. Taarifa imetoka kituo cha mlimani. Mbio zipo kama kawaida, ila kila mtu aamue mwenyewe."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mlimani lini hakuna wingu?"

Mimi sikucheka, maana najua kituo cha mlimani kina mtu mmoja.

Nikamwambia msusi, "Hayo ni maneno ya mjomba wangu."

"Hayo ni maneno ya mshereheshaji."

"Mjomba hasemi 'kubwa' hivi hivi, dada. Kwake yeye karibu kila wingu ni la kawaida."

"Tumefanya mazoezi miezi minane," akasema. "Hebu angalia juu."

Nikaangalia. Palikuwa pa bluu tupu. Nikamshika mkono. Akautoa taratibu, bila hasira. "Tutaonana mwisho," akasema, na filimbi ikalia.

Wengine wote wakaondoka. Tukabaki kumi na mmoja, tumesimama na namba zetu vifuani. Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Wenzangu wa chumba cha kufulia walikuwa wamekuja na bango la shuka kuukuu, wameandika MALKIA WA SABUNI. Wakalishusha polepole, wakalikunja kwa ule mkunjo wetu wa kazini, kona kwa kona. Hakuna aliyenisema. Heri wangenisema.

Ilipofika saa tatu na nusu taa za barabarani zikawaka zenyewe. Halafu yakaja mawe, makubwa kuliko mayai ya njiwa, juu ya bati la jukwaa. Tulikuwa tunatazamana midomo inacheza na hakuna anayemsikia mwenzake. Kila radi ikipiga nilikuwa nahisi kwenye meno. Watu watatu walijaribu kuvuka uwanja kufuata magari yao, wakarudi damu zinawatoka vichwani. Na kule juu walikuwa karibu mia tatu, na hakuna mti.

Yalipopungua, dereva wa lori la maji alisema anapanda na anataka watu wenye nguvu za kubeba. Nikapanda. Mikono ya kubeba shuka zilizolowa ndiyo niliyokuwa nayo, nikampa hiyo.

Mjomba, sasa sijui nikueleze vipi. Tulipofika juu, mgongo wote ulikuwa mweupe. Njia haionekani. Vikombe, kofia moja, na mtu hakuna. Kilomita na kilomita za barafu, na hakuna hata mmoja. Dereva akazima injini. Nilisikia moyo wake, au wangu. Nikasema moyoni, basi, wamechukuliwa.

Kisha wingu likapasuka upande mmoja na jua likaingia. Ukungu ukaanza kuinuka kwenye barafu. Na kule kwenye mtaro, kando ya njia, mahali palipokuwa peupe pakacheza. Mgongo wa mtu. Mawe yakamporomoka mabegani, akapiga magoti, akasimama. Mbele kidogo akasimama mwingine. Kisha wawili walioshikana. Walikuwa wamejilaza mitaroni na kwenye vishimo, mikono juu ya vichwa, na mawe yakawafunika. Sasa wakawa wanainuka mmoja mmoja kutoka kwenye ule weupe, hadi mbali kabisa ambako macho yangu yalikoma, huku wanafuka moshi kwenye jua. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyeita. Walikuwa wakitazama mikono yao. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya lori, na nilitaka kupiga magoti lakini palikuwa na madumu.

Wote walihesabiwa, wote walipatikana hai. Kumi na wanne walilazwa hospitalini kwetu, na kesho yake nilifua blanketi zao kwa mkono, sikutaka mashine.

Msusi wangu nilimkuta kilomita ya kumi na tisa. Radi ilipiga nguzo hatua thelathini kutoka alipolala, na sikio lake la kulia halisikii. Aliponiona akasema kwa sauti ya juu sana, "Umekuja na lori." Nikamfunga blanketi. Tangu siku hiyo hajasema nami. Nikipita kona anageukia kichwa anachosuka.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa nasubiri kwanza nijue kama nilibaki kwa busara au kwa woga. Bado sijajua. Na kila nikikumbuka ule mkono wake nauliza kwa nini sikuushika kwa nguvu zaidi.

Mpwa wako.

30 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole, na ahsante. Mwambie dada apande tu, nimeshatayarisha kiti.

Umenipa yako, nami nikupe yangu. Tangu Januari siruhusiwi kutuma taarifa. Ile mashine ndiyo yenye kazi. Mimi nimeachiwa kufagia theluji kwenye mlango na kuhakikisha mlingoti haujaanguka. Mashine hutuma kila baada ya saa tatu. Ilituma saa kumi na mbili, wakati wingu halijazaliwa, na ingetuma tena saa tatu. Zaidi ya hayo, yenyewe hupima hewa inayoigusa. Haina shingo ya kugeuza itazame kwenu.

Kwa hiyo siku ile nilipiga redio nisiyoruhusiwa kuigusa. Mwezi wa tano walinitumia barua ya karipio. Imeandikwa vizuri, haina kosa hata la nukta. Mwisho wa Septemba kituo kinafungwa mlango, mashine inabaki. Ndiyo maana sikushuka kuja kukuona. Niliogopa nikishuka wasinirudishe tena juu, na zilikuwa zimebaki asubuhi chache.

Kuhusu busara na woga, sina jibu la kitabuni. Nilipoishika ile redio nilikuwa naogopa, na nilichokisema kilikuwa sahihi. Yote mawili yalitoka kinywani kwa pamoja. Na mtu mzima akishautoa mkono wake, huo ni uamuzi wake. Usijibebeshe.

Lakini umesema mlibaki kumi na mmoja. Miezi miwili na nusu nilidhani maneno yangu yaliishia hewani. Jana, baada ya kuisoma barua yako, nilikaa nje na hiyo idadi hadi jua likazama. Nilikuwa najaribu kuona nyuso kumi, kwa sababu wa kwako naujua.

Mjomba wako.

25 Agosti

Mjomba,

Shikamoo tena, ingawa siku tano tu zimepita tangu nikuamkie ana kwa ana. Tumefika salama. Mama amenihoji hadi ulivyopanga sufuria zako. Binti yangu amepokea lile daftari lako la vipimo vya mwaka aliozaliwa na amelificha mahali hata mimi sipajui.

Kuna mambo sikuyasema huko juu, kwa sababu huko maneno yangu yalikauka.

Kwanza, jinsi msusi alivyokuja. Ulijua tu kwamba ameamua kupanda nami. Hukujua kwamba wiki moja kabla alisimama mlangoni kwangu, akageuza sikio zima, akasema, "Sikuwa na hasira na wewe. Nilikuwa naona aibu, na kila ukipita niliona lile lori." Nikampa barua yako ya Aprili aisome. Alipofika mwisho akaniuliza kama gari la vifaa lina nafasi ya mtu wa pili.

Kisha ile asubuhi. Tulikuwa tumesimama nje sote watatu, chini yetu mawingu yamejaa hadi upeo, meupe, na jua linapanda kutoka ndani yake. Nilikuwa nimebeba hotuba nzima ya shukrani kutoka nyumbani. Nilipotazama pale, ilinitoka yote. Wewe ulikuwa unasoma kipimajoto ukiandika, na ule mlingoti wako wa chuma umesimama nyuma yako unatuma mambo yake. Msusi akakuuliza, "Sasa unamwandikia nani, na hawataki tena?"

Ukamaliza kuandika kwanza. Ukasema, "Siku imekuja hapa. Lazima ikute mtu."

Nilimwangalia msusi. Alikuwa amekushika mkono wa sweta, na hukuuondoa.

Tulipokuwa tunashuka, gari likaingia ndani ya yale mawingu tuliyokuwa tumeyatazama. Nilijiandaa, sijui kwa nini, nikashika kiti. Palikuwa na ukungu tu, na matone madogo yakipanda kwenye kioo. Dereva akawasha vifuta maji, akaendelea kusimulia habari za gia yake mbovu. Msusi akafungua dirisha akatoa mkono nje, akauacha huko mpaka tulipotokea chini, akaurudisha umelowa, akaniwekea kwenye shavu.

Chumba chako hapa kwetu ni kile cha upande wa barabara. Dirisha lake ni kubwa na linatazama kilima. Tutakuwa sote stendi siku utakayoshuka, hata goti.

Mpwa wako akupendaye.